Shajara ya vibrafoni: bluzi ya F kwa mikwiro minne

Septemba

Lengo la mradi huu ni moja. Pasaka ikifika niwe naweza kupiga bluzi ya F kwa vibrafoni nikiwa na mpiga besi peke yake: hakuna kinanda, hakuna gitaa, hakuna drams. Nipige melodi fupi niliyoitunga, nibuni papo hapo mizunguko kadhaa (kila mmoja ni baa kumi na mbili za mapigo manne), kisha zamu ya besi ikifika nigeuke msindikizaji, nimwekee kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) chini ya maneno yake bila kumfunika.

Naandika haya Brussels, ninakoishi na kufanya kazi. Shule ya muziki ya manispaa inanipa ufunguo wa chumba cha chini ya ardhi baada ya saa za masomo, na humo ndimo iliko vibrafoni. Ni chombo cha kawaida cha oktava tatu: bapa 37 za alumini zilizopangwa kama funguo za kinanda, na chini ya kila bapa mrija wa kukuza sauti. Mdomoni mwa kila mrija kuna kisahani kidogo kinachozungushwa na mota. Kisahani kinapofunga na kufungua mrija, sauti hupanda na kushuka nguvu, na huo ndio mtetemo uliokipa chombo jina lake. Mguuni kuna pedali. Ukiikanyaga, bapa zinalia mpaka zichoke zenyewe. Ukiiachia, ukanda wa feliti unapanda na kuzinyamazisha zote kwa mara moja.

Sauti ya chini kabisa ya chombo hiki ni F. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuchagua bluzi ya F. Sababu ya pili ni kwamba mpiga besi ninayefanya naye mazoezi anaipenda. Ni mzee wa Bukavu aliyepiga muziki wa dansi miaka mingi kabla ya kuigeukia jazi, na tunaongea Kiswahili tangu siku ya kwanza tulipokutana Matonge, mtaa wa Wakongo wa hapa mjini. Namwita Mzee, naye ananiita mdogo yangu.

Mimi nimekulia Dodoma, na kinanda cha kwaya ndicho kilichonifundisha kodi. Kwa mikwiro miwili, yaani fimbo za kupigia bapa, nimeshazoea kupiga melodi. Kazi mpya ni minne. Kinandani una vidole kumi, unaweza kuijaza kodi mpaka ikafurika. Hapa kila mkono una mikwiro miwili, basi. Kwa hiyo maswali ya mwaka huu ni mawili: sauti zipi nne zinatosha kusema kodi yote, na kila moja inyamaze lini.

Septemba, mwishoni

Nimeamua kushika mikwiro kwa mtindo wa mpiga vibrafoni Gary Burton, mipini ikikatana ndani ya kiganja. Burton alizaliwa Indiana mwaka 1943, akakulia katika mji mdogo ambako wa kusindikizana nao walikuwa haba, akalazimika kujitosheleza: melodi kwa mkwiro mmoja, kodi kwa iliyobaki. Namwelewa. Mtu akiwa peke yake chumbani na chombo hiki, anatamani kiwe bendi nzima.

Mikwiro yenyewe ina mipini ya henzerani na vichwa vilivyozungushiwa uzi. Henzerani inapinda kidogo, na ule upindaji unasaidia mkwiro kuruka mara tu ugusapo bapa. Zoezi la sasa ni kupanua na kufinya: kidole gumba na cha shahada vinaisukuma mikwiro iachane au ikaribiane, kutoka nafasi ya sauti mbili jirani hadi oktava nzima na kurudi, bila kuangalia mkono. Napiga polepole sana. Kiganja kinauma chini ya kidole gumba, kisha kinazoea.

Oktoba

Mwezi wa kodi, na ndio nitakaouandikia zaidi, maana hapa ndipo mambo yalipofunguka.

Bluzi ya F kwa umbo lake jepesi ina kodi tatu: F7, B-flati 7 na C7. (Nusu hatua ni umbali wa funguo mbili jirani za kinanda; flati ni sauti iliyoshushwa nusu hatua, shapu ni iliyopandishwa.) Nilianza na kanuni ambayo kila mpiga kinanda wa jazi anaijua: mzizi wa kodi, yaani sauti inayoipa jina, ni wa besi, na sauti ya tano ukihesabu kutoka mzizi haisemi mengi. Zinazobeba habari ni ya tatu na ya saba. Kwa F7 hizo ni A na E-flati. Kwa B-flati 7 ni D na A-flati. Ziweke pamoja uone. Ukitoka kodi ya kwanza kwenda ya pili, A inashuka nusu hatua kuwa A-flati, na E-flati inashuka nusu hatua kuwa D. Ukienda C7, zote mbili zinapanda nusu hatua: A inakuwa B-flati, E-flati inakuwa E. Mkono wa kushoto hausafiri. Unateleza tu.

Mkono wa kulia nikaupa sauti mbili za rangi, ya tisa na ya kumi na tatu. Hivyo F7 yangu, kutoka chini kwenda juu, ni A, E-flati, G, D. B-flati 7 ni A-flati, D, G, C. C7 ni B-flati, E, A, D. Hakuna kodi hata moja kati ya hizo yenye mzizi wake ndani, na bado sikio halipotei. Mara ya kwanza Mzee alipoingia na besi chini ya kodi hizi, sauti nne zikawa kubwa kuliko vidole vyangu kumi vya kanisani. Nilikuwa nimejaribu kuongeza F chini kabisa, kwa kuwa chombo kinayo na inalia vizuri mno. Mzee aliinua kichwa akasema: “Mdogo yangu, iyo F ni yangu. Wewe chunga zako.” Tangu hapo siigusi wakati wa kusindikiza.

Ugumu uko kwenye kiwiko, na sijaona watu wakiueleza vya kutosha, kwa hiyo nauandika kwa kirefu. Bapa za vibrafoni ziko safu mbili: safu ya karibu ni funguo nyeupe za kinanda, ya mbali ni zile nyeusi. Katika F7, mkwiro wa kushoto kabisa unapiga A iliyo karibu, na mwenzake wa mkono uleule unapiga E-flati iliyo mbali. Ili vichwa vyote viwili vifike, kiwiko cha kushoto lazima kiingie hadi karibu na tumbo. Katika B-flati 7 mambo yanageuka: sasa A-flati ndiyo iliyo mbali na D ndiyo iliyo karibu, kwa hiyo kiwiko lazima kitoke nje, mbali na mbavu. Sauti zinasogea nusu hatua tu, lakini mkono wote umegeuka. Mkono wa kulia muda huo una kazi ndogo: G inabaki palepale, D inashuka kuwa C, mikwiro inafinywa kidogo.

Zoezi langu kwa wiki kadhaa limekuwa hilo tu. F7, nyamaza, B-flati 7, nyamaza. Metronomu, kile kihesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Kiwiko kinatembea kwanza, katika ule ukimya, kisha mikwiro inashuka. Nikisubiri mpaka pigo lenyewe ndipo nigeuze kiwiko, nachelewa. Kiwiko kikitangulia, kodi inashuka ikiwa imetulia, sauti zote nne kwa pamoja.

Oktoba, mwishoni

Nimeongeza kodi za katikati ambazo wapiga jazi huzitia kwenye bluzi: A ndogo (minor) na D7 katika baa ya nane, kisha G ndogo katika baa ya tisa na C7 katika ya kumi. Kwa sauti za tatu na za saba peke yake, njia ni nyembamba na nzuri ajabu: C na G, halafu C na F-shapu, halafu B-flati na F, halafu B-flati na E, halafu A na E-flati, umefika nyumbani. Mkwiro mmoja kila mkono unatosha. Naweza kuusikiliza mteremko huo jioni nzima.

Novemba

Pedali. Mpiga kinanda akiinua kidole, sauti inakufa. Hapa ukiinua mkwiro, bapa linaendelea kulia, na sauti za alumini huchukua muda mrefu kufa. Kwa hiyo katika vibrafoni kunyamazisha ni sehemu ya kupiga, na mimi naanza kuamini ndiyo sehemu kubwa zaidi.

Historia inasaidia kulielewa hili. Chombo cha kwanza cha aina hii kilitoka kampuni ya Leedy ya Indianapolis mwanzoni mwa miaka ya 1920, kikiwa na bapa za chuma na bila pedali. Mwaka 1927 kampuni ya Deagan ya Chicago ikaleta chenye bapa za alumini na pedali ya kuzima sauti, na hicho ndicho baba wa vyote tunavyopiga leo. Miaka mitatu baadaye Lionel Hampton, aliyekuwa mpiga drams, alikuta kimoja studio huko Los Angeles alipokwenda kurekodi na Louis Armstrong. Armstrong akamwambia akijaribu, na jazi ikapata chombo kipya. Bila pedali sidhani kama hilo lingewezekana. Jazi ni lugha ya sentensi, na sentensi inahitaji kituo.

Kubadilisha kodi kwa pedali ni hivi: mguu unaachia hasa pale mikwiro inapogonga kodi mpya, feliti inazima ya zamani, na papo hapo mguu unakanyaga tena ili mpya ipumue. Ukiachia mapema, kunakuwa na shimo kati ya kodi mbili. Ukichelewa, A na A-flati zinalia pamoja, na kwa alumini mgongano huo unachoma sikio.

Pedali lakini inazima zote au haizimi yoyote. Kuzima sauti moja na kuacha nyingine ziendelee, inabidi uzime kwa mkwiro. Nikipiga A kisha A-flati huku nikitaka kodi iendelee kulia chini, mkwiro mmoja unapiga A-flati wakati mwingine unatua juu ya A na kubaki pale. Kutua kwenyewe kuna namna yake. Ukikibwaga kichwa cha mkwiro juu ya bapa linalotetemeka, kinagonga-gonga na kutoa mlio wa kukwaruza. Kinatakiwa kishuke laini, katikati ya bapa, kwa uzito wa mkono tu, kisha kisirudi juu. Nafanya hivyo kwa skeli ya F, kila sauti ikizimwa na inayofuata, mguu ukiwa umekanyaga mwanzo hadi mwisho. Ikienda sawasawa, inasikika kama mtu anaimba.

Desemba

Kazi nyingi, chumba cha shule kimefungwa kwa sikukuu. Nyumbani natandika taulo mezani na kupitisha viwiko kwenye kodi zote, F7, B-flati 7, C7, nikiimba besi kwa mdomo. Kwa mikono hili linatosha. Kwa mguu halitoshi.

Januari

Sasa kubuni papo hapo.

Mwalimu wangu mwezi huu ni Milt Jackson, kwa masikio. Alizaliwa Detroit mwaka 1923, na tangu mwaka 1952 alikuwa sauti kuu ya kundi la Modern Jazz Quartet pamoja na John Lewis kwenye kinanda. Alipiga zaidi kwa mikwiro miwili na mota aliizungusha polepole, kinyume na Hampton ambaye mtetemo wake ulikuwa wa kasi. Polepole ile ndiyo inayofanya sauti ndefu za Jackson zisikike kama pumzi. Nimechagua mzunguko mmoja wa bluzi yake, nikauimba mpaka nikauweza kwa mdomo, ndipo nikagusa mikwiro. Sikuandika noti hata moja. Nilichokiona baada ya kuuimba ni jinsi anavyotumia sauti chache. Baa mbili anasema, baa inayofuata anaacha, na katika ile nafasi anaiacha sauti ya mwisho ining'inie mpaka karibu ife.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria ya mazoezi: mzunguko mzima kwa sauti tatu, F, A-flati na B-flati. Mdundo ndio ubadilike. Mzunguko unaofuata naongeza C, mwingine naongeza E-flati. Kila sentensi lazima niweze kuiimba kabla mikwiro haijagusa bapa. Mikono ya mpiga vibrafoni inapenda kukimbia kwenda na kurudi kwenye skeli, maana bapa zimepangwa vizuri na zinakaribisha. Sheria ya kuimba inaizuia.

Na hapa Dodoma imeingia yenyewe. Marimba ya Wagogo, ile ya sanduku na njiti za chuma aliyoifikisha marehemu Hukwe Zawose kwenye majukwaa ya dunia, imepangwa kwa sauti zinazozaliwa zenyewe kutoka kwenye sauti moja ya chini, kama zile zitokazo kwenye baragumu. Ukiihesabu kuanzia F unapata takriban F, A, C, E-flati, G. Hiyo ni F7 yenye sauti ya tisa, kodi ileile niliyoipigania Oktoba yote kwa kiwiko. Nimezisikia sauti hizo tangu utotoni, kwenye zeze, kwenye uimbaji wa harusi, na hakuna aliyeziita kodi. Nimezipanga kwenye vibrafoni, nikabuni humo peke yake juu ya besi ya Mzee inayorudia F. Mzee akacheka kwa furaha, akaanza kuipiga besi kama ngoma.

Tofauti moja ipo, na ni ya maana. Ile E-flati ya Kigogo iko chini kidogo kuliko ya alumini, karibu theluthi moja ya nusu hatua. Sikio langu linaitaka pale.

Februari

Kuna njia ya kuishusha. Unapiga bapa kwa mkwiro wa kawaida, kisha kwa kichwa kigumu cha mpira kwenye mkono mwingine unakandamiza bapa pale kamba inapopita, sehemu isiyotetemeka, halafu unakiburuta kuelekea katikati. Sauti inashuka inapoburutwa. Ukifika mbali inazimika, kwa hiyo safari ni fupi. Nimejifunza kusimama mapema, E-flati ikiwa imelegea kidogo tu, na kwenye bluzi inakaa mahali pake kabisa. Shida ni kwamba inakula mkono mzima, kwa hiyo naitumia mara moja katika mzunguko, mwishoni mwa sentensi, na si zaidi.

Mota nimeizima kwa kazi ya kodi, visahani vikiwa vimesimama wima ili mirija ibaki wazi. Sauti nne zikipandishwa na kushushwa pamoja, zile nusu hatua zinapoteza makali, na nusu hatua ndizo nilizozifanyia kazi. Kwa melodi naiwasha, polepole. Burton alipiga bila mota, Jackson hakuiacha, na wote wawili wana haki kwa kile walichokuwa wanakisema.

Mwezi huu nimemsikiliza pia Mulatu Astatke wa Ethiopia, aliyesoma Boston na kuipeleka vibrafoni kwenye skeli za kwao zenye sauti tano. Nilimfahamu zamani, lakini sasa nasikiliza mguu wake. Anaziacha sauti zipishane na kuchanganyika mahali ambapo mtu wa bluzi angezima, na kwa skeli ya sauti tano hilo linakubalika, maana jirani wenye ugomvi ni wachache. Nikiwa kwenye zile sauti za Kigogo, nami mguu naulegeza. Nikirudi kwenye kodi za C7, naukaza.

Machi

Tumepiga yote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, mapigo 112 kwa dakika. Melodi, mizunguko ya kubuni, kisha besi.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ile ya kumsindikiza. Mpiga besi akibuni, anaacha kushika mizizi ya kodi, na mimi nilidhani ningelazimika kuirudisha ile F ya chini. Haikuhitajika. Niliweka A na E-flati kwa mkono wa kushoto, fupi, mguu ukiwa juu, kwenye nusu ya pili ya pigo. Nikaacha baa nzima. Nikaweka A-flati na D. Mzee alisikia ulikokuwa mzunguko kwa sauti mbili zile tu, akaenda anakotaka na kurudi baa ya kwanza bila wasiwasi. Mkono wa kulia ulikaa kimya karibu wakati wote, na pale G na D zilipoingia mwishoni, ziliingia zikiwa na maana.

Mizunguko yangu ya kubuni bado ina jambo la kufanyia kazi: kujaza kodi kati ya sentensi zangu mwenyewe. Melodi iko kwenye mkwiro wa kulia kabisa, na sentensi ikifika kituo, mkono wa kushoto uingie na sauti mbili, mguu ukanyage, sauti ya mwisho ya melodi ibaki ikilia juu yake. Kwa mapigo 80 inakwenda. Kwa 112 kiwiko bado kinatanguliwa na sikio.

Pasaka iko karibu na bluzi ya F iko tayari kupigwa mbele ya watu, kwenye ukumbi mdogo wa marafiki wa Mzee. Kazi inayofuata nimeshaianza pembeni: bluzi hiyohiyo katika B-flati. Kodi ya nyumbani ni ile A-flati, D, G, C niliyonayo tayari. Kwa E-flati 7 nimejaribu G, D-flati, F, C. Kushoto ni G ya karibu na D-flati ya mbali, kiwiko ndani. Kulia ni F na C, zote safu ya karibu. Mzee anataka tuipige polepole zaidi, mapigo 72, na kwa mwendo huo mota itawashwa.